Shuka la Ijumaa

Sikuchokonoa simu yake. Wapo wanawake wa kuchokonoa simu za wanaume, nawajua, na mimi si mmoja wao. Mimi ni wa kundi la pili: simu ikiwaka yenyewe mezani, mbele ya macho yangu, siyafumbi.

Josias alikuwa bafuni ananawa mikono. Mimi nilikuwa napakua sombe, kisamvu cha kwetu. Simu ikatetemeka kando ya sahani yake, kioo kikawaka, na jina la mwanamke likatokea pamoja na maneno yake: "Lucienne. Kesho quinze heures. Usisahau drap. Na uifue muzuri, ile madoa ya mara ingine ilikuwa haya."

Nilibaki na mwiko mkononi. Drap, kwa asiyejua maneno yetu ya Brussels, ni shuka la kitanda. Shuka lenye madoa, saa tisa mchana, kwa mwanamke ambaye sijawahi kusikia jina lake likitajwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yangu yalikuwa yamejikusanya kwa miezi mitatu. Kila Ijumaa Josias alichelewa kurudi. Kila Ijumaa nguo zake zilinuka pombe, yeye ambaye ni barman, muuza vinywaji, katika hoteli moja ya mtaa wa Schuman na tangu nimjue sijamwona akimeza hata povu la bia. Kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Kwenye ufunguo wa nyumba yake uliongezeka ufunguo mwingine, wenye utepe mwekundu. Na Ijumaa mbili zilizopita, nilipokuwa nafua suruali yake, nilikuta majani mabichi yameganda kwenye magoti. Magotini, jamani! Mwanaume mzima anapiga magoti kwenye majani ya nani?

Na haya yote katika wiki ambayo nilitakiwa kumkabidhi maisha yangu.

Maana Josias alikuwa na mpango. Mwaka jana alikwenda kufanya kazi ya msimu Marie-Galante, kisiwa kidogo cha Karibi, upande wa Guadeloupe. Alirudi mweusi zaidi, mwembamba zaidi, na kichwa kimejaa bahari. Kulikuwa na mzee mmoja kule aliyetaka kuachia kibanda chake cha vinywaji ufukweni: kaunta ya mbao, viti kumi na viwili, friji mbili, paa la bati. Mzee hakutaka mwanaume peke yake. Alitaka watu wawili, mume na mke, mmoja wa kaunta na mmoja wa jikoni, na alitaka jibu kabla ya Jumatatu.

Jikoni ni mimi. Kwa ajili hiyo ningeacha kazi yangu ya kudumu katika nyumba ya wazee huko Uccle, ambako nimewaosha, nimewalisha na kuwageuza wazee kwa miaka tisa. Barua ya kuacha kazi ilikuwa ndani ya sakoshi yangu, mkoba wa begani. Nilikuwa nimeisaini. Sikuwa nimeandika tarehe.

"Sombe inanukia mpaka mu couloir," alisema Josias akitoka koridoni na kukaa. Akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo ndilo lililoniponza tangu mwanzo. Akaiona simu, akaigeuza kifudifudi, polepole, kama mtu anayefunika chungu.

"Kesho unatoka kazi saa ngapi?" nilimuuliza.

"Quatorze heures trente. Ju ya nini?"

"Nilikuwa nafikiri ukitoka hiyo saa nane na nusu unisindikize Uccle. Nipeleke barua."

Uso wake ukawaka, halafu ukazimika. "Kesho? Bon... kesho apana, chérie. Kesho niko na formation."

"Formation ya nini?"

"Ya bar. Ya... hygiène. Kule kisiwani banaombaka papier ya usafi."

"Na nani anawafundisha?"

"Maman moja." Akavuta sikio. Josias akidanganya huvuta sikio, na hajui kama najua. "Maman moja wa zamani. Anajua kazi sana."

"Inafanyikia wapi?"

"Kule upande ya Simonis. Sido, mbona leo uko kama commissaire wa polisi?"

"Naulizaka tu."

Alinyoosha mkono, akaushika wangu. Kiganja chake kilikuwa cha moto, na nilichukia jinsi mwili wangu ulivyofurahi. "Sido. Utaweka ile tarehe yulu ya barua?"

"Nitaona."

"Utaona nini?"

"Nitaona ile nitaona. Kula, sombe inapoa."

Alikula. Mimi nilimtazama akila, nikijiambia kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kesho nitaipima kwa miguu yangu mwenyewe.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa mama alinipigia kabla sijavaa viatu.

Mama yangu, Maman Euphrasie, ni diaconesse, yaani shemasi wa kike, wa kanisa letu. Tangu Josias alipojitambulisha kwetu, hajawahi kumtazama usoni. Hilo si chuki, ni desturi: kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, kwa watu wa zamani kama yeye, mama mkwe na mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja wakatazamana. Josias akija, mama hukimbilia chumbani na kumsalimia kupitia mlango. Lakini juu ya desturi kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulificha.

"Sidonie, ile barua umeipeleka?"

"Bado, maman."

"Bon. Mi nilikuambia na ninakuambia tena: mutoto yangu hatauza pombe pa bahari. Batu ba kanisa batasema nini?"

"Bakanisa hawatakuya kule, maman. Ni mbali."

"Usinicheke. Ule kijana unamujua sawasawa?"

Nikaweka kiatu chini. "Ju ya nini unauliza leo?"

"Ninauliza. Muntu anaweza kuwa na sura ya malaika, mukono yake ikafanya mambo ingine. Fungua macho, mutoto yangu. Ni ile tu." Akakata simu.

Fungua macho! Kama angejua jinsi yalivyokuwa wazi. Sikuwa nimelala.

Kazini nilimweleza Tasnim, Mtanzania ninayefanya naye zamu, tukiwa tunatandika kitanda cha bibi mmoja. Kila shuka nililolikunja nililikagua madoa.

"Shoga, unasubiri nini?" alisema Tasnim. "Mfuate. Wewe unatoka saa saba, yeye anatoka saa nane na nusu, una time ya kutosha."

"Na nikikuta mwanamke?"

"Ukikuta mwanamke, hiyo barua unaichana, mtu wangu. Kazi unayo, nyumba unayo. Utakosa nini? Bahari?"

"Nitamkosa yeye."

Tasnim akanipa foronya nishike, akanipangusa machozi kwa ncha ya aproni yake. "Basi vaa kofia," akasema. "Asikuone."

Nilivaa kofia. Saa nane na nusu nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa metro Schuman, katikati ya watu wa maofisi na beji zao shingoni, nikijifanya nasubiri mtu. Josias alitoka na begi mgongoni. Kutoka kwenye zipu iliyofungwa nusu, ilichungulia pembe ya shuka. Lilikuwa jeupe, lenye maua ya bluu.

Nilimfuata. Tukabadilisha treni Arts-Loi, yeye behewa la mbele, mimi la nyuma. Tukashuka Simonis. Nilidhani ataelekea moja kwa moja kwenye nyumba, lakini akaingia kwenye bustani ndefu inayopanda hadi Basilika, lile kanisa kubwa la kilimani. Na hapo, mbele ya watu wanaotembeza mbwa, mchumba wangu akapiga magoti, akatoa mkasi, akaanza kukata majani marefu chini ya miti na kuyatia katika mfuko wa plastiki.

Nikakaa nyuma ya benchi nikimwangalia. Hapo wivu wangu ulichanganyikana na woga. Mwanamke na shuka ningeweza kuelewa, ni dhambi ya kila siku. Shuka na majani? Nikawaza mambo ya wachawi, nikawaza dawa za mapenzi. Nikawaza kwamba huenda miaka miwili hii sikupenda mtu, nimefungwa.

Alisimama, akapangusa magoti, akashuka barabara ya nyuma ya Basilika hadi kwenye nyumba ya matofali yenye mlango wa kijani. Hakubonyeza kengele. Alitoa ufunguo wa utepe mwekundu, akaingia kama mwenye nyumba.

Nilihesabu hadi mia. Nikavua pete yake ya uchumba, nikaitia ndani ya bahasha ya barua, na nikabonyeza kengele.

* * *

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnene, amefunga kitenge kiunoni, mkononi ana chujio la jikoni. Aliponiona alirudi hatua moja nyuma.

"Eh, Yezu," alisema.

"Wewe njo Lucienne?"

"Njo mi. Na weye ni Sidonie. Nilikuonaka mu photo." Akauziba mlango kwa mwili wake. "Binti, urudie kwenu. Leo haiko siku muzuri."

"Josias iko wapi?"

"Iko na kazi."

"Kazi ya drap?"

Lucienne akafumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. "Mi niliwaambia," alinung'unika. "Niliwaambia bote babili, hii kitu itatoka mubaya. Sikiya, binti, mi ninatoaka tu cave yangu. Mi simo mu mambo yenu."

Bote babili. Wote wawili. Basi kulikuwa na mwanamke mwingine, na huyu alikuwa mtoa chumba tu. Nikampita chini ya mkono. Ngazi za kwenda cave, yaani chumba cha chini ya nyumba, zilikuwa mkono wa kushoto na mlango wake ulikuwa wazi. Joto lilinipiga usoni, joto la mashine ya kupashia nyumba, na harufu ile ya nguo za Josias, tamu, nzito, chachu.

Nilisikia kitu kikichapwachapwa kwenye majimaji. Nilisikia mwanamke akihema. Kisha nilisikia sauti ya Josias, laini, ile sauti niliyodhani ni yangu peke yangu.

"Polepole, maman. Usichoke. Utateleza."

Sijui niliteremkaje. Ninachokumbuka ni lile shuka. Lilikuwa limetundikwa kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, likaikata cave sehemu mbili. Upande huu Josias alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, mikono ya shati imekunjwa, mbele yake ndoo na madumu. Upande wa pili taa ilikuwa inawaka, na juu ya yale maua ya bluu nilikiona kivuli cha mwanamke aliyepandisha sketi, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka.

Josias aliruka. Kiti kikaanguka. "Sido! Apana! Usifungule!"

"Nani iko kule?"

"Sido, ninakuomba. Usifungule drap!"

Kama kuna maneno ya kumfanya mwanamke afungue, ni hayo. Nilishika pembe ya shuka, nikaivuta.

"Funga!" kivuli kikapiga kelele. "Funga ile drap, mutoto! Mukwe yangu ataniona magoti!"

Alikuwa mama. Maman Euphrasie, diaconesse, kitambaa cha kanisa kichwani, sketi imefungwa juu ya mapaja, miguu mitupu ndani ya beseni kubwa la ndizi mbivu na majani. Miguu yake ilikuwa ya njano hadi magotini. Josias alikuwa tayari amegeukia ukuta, amefunika uso kwa mikono yote miwili, kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha.

Nililiachia shuka likarudi mahali pake. Nikabaki upande wa mama.

"Maman," nilisema. "Hii ni nini?"

"Kasiksi," alijibu mama, akinishika bega asiteleze. "Unaona ni nini? Ni kasiksi."

Hiyo ni pombe ya ndizi ya kwetu. Mama, aliyenikataza hata kupita mbele ya baa.

"Unafanya pombe."

"Ninafundisha. Kufundisha haiko kufanya."

"Na wewe!" nilimgeukia Josias, yaani niligeukia shuka. "Formation ya hygiène, eh?"

"Nilinawa mikono, Sido," sauti yake ilisema kutoka ukutani, na Mungu anisamehe, nusura nicheke. Lakini hasira ilikuwa bado mbichi.

"Nani ananiambia ukweli humu ndani? Miezi tatu! Mi ninanusa nguo zako, ninaokota majani mu suruali yako, na muko hapa bawili munanidanganya!"

"Usimulalamikie yeye," alisema mama. "Mi njo nilimuapisha. Na Biblia."

"Ju ya nini?"

Mama hakujibu mara moja. Aliendelea kukanyaga, polepole, ndizi zikifyonza na kuachia nyayo zake.

"Alikuya na tonton yako, mujomba Tharcisse, kuniomba akuoe," alianza. "Mi niko nyuma ya mulango. Nikamuuliza: kule kwenye kisiwa utauza nini? Akasema rhum, ile pombe ya miwa. Nikacheka. Rhum kwa batu ba rhum? Ni kama kupeleka chumvi pa bahari. Nikamuambia kule ndizi haikosekane, na haujui hata kuikamua." Akavuta pumzi. "Ilinitoka tu. Yeye akasema: basi maman, unifundishe."

"Na wewe ulijulia wapi?"

"Sidonie. Ni nani alikusomesha?"

"Papa."

"Na mushahara ya mwalimu? Haikutosha hata sabuni. Mulikuwa munaenda masomo, mi ninabaki kwa jirani ninakanyaga. Nikisikia munarudia, ninaosha miguu. Hata siku moja hamukujua. Nilikuya hapa Ulaya, nikaokoka, nikasema ile Euphrasie ya kasiksi ilibakia Bukavu. Sikutaka mutoto yangu aijue."

Aijuaye siri ya mtungi ni kata, wanasema. Mimi nilidhani ndimi kata, kumbe sikuwahi hata kuuona mtungi. Nilitazama miguu ya mama yangu. Kwa miaka yote ile nilidhani nyayo zake zilipasuka kwa kufagia ofisi za Schuman.

"Basi mbona unaikataa bar yetu, kama pombe njo ilinisomesha?"

Mama akaacha kukanyaga. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo, na nadhani alisahau kwamba Josias anasikia.

"Papa yako alikufa na nini?"

"Foie. Ini."

"Njo vile nilisemaka. Ni foie kweli. Lakini foie haikufaka yenyewe, mutoto yangu. Nilikuwaka ninauzia batu, na kila siku ninabakisha bidon moja, dumu nzima, mu nyumba. Ile bidon njo ilimukula. Mbele ya kunioa aliniambia haonjake hata kidogo. Na huyu pia anasema haonjake. Bote banasemaka vile."

Sasa nilielewa "fungua macho" ilitoka wapi.

"Kwa hiyo haukuwa unamufundisha," nilisema. "Ulikuwa unamupima."

"Yote mbili." Alinivuta karibu, akanielekeza kwa kidole. Kwenye shuka, kimo cha jicho lake, katikati ya ua moja la bluu, palikuwa na kitundu cha duara, kimekatwa vizuri kwa mkasi. Akaninong'oneza sikioni. "Kila vendredi, kila Ijumaa, ninamuambia: onja, uniambie inakosa nini, sukari ama ukali. Mu bar, muntu lazima aonje. Halafu ninaangalia. Mara douze, kumi na mbili, Sidonie. Mara douze aliweka mu kinywa, akatema mu ndoo, akasukutula na maji. Hata tone hakumeza. Leo ni ya treize, ya kumi na tatu. Nikimaliza leo, nilitaka kukupigia nikuambie: enda."

Nikaweka jicho langu kwenye kitundu.

Nilitegemea kuuona mgongo wa Josias. Nikayaona macho yake. Alikuwa ameokota kiti, amekaa, na alikuwa anatazama moja kwa moja ndani ya kitundu, ndani ya jicho langu, kama mtu anayejua mlango wa nyumba uko wapi.

Nilirudi nyuma kama niliyeungua.

"Josias," nilisema. "Hii kitundu, unaijua?"

Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Jibu."

"Ninaijua," alisema Josias. "Tangu vendredi ya kwanza. Maman anisamehe. Mi njo ninafuaka hii drap."

Mama alitoa sauti ambayo si neno. Diaconesse mzima, mwenye mitego yake, na hakuwahi kuwaza kwamba anayefua shuka ndiye wa kwanza kuliona tundu. Alitoka kwenye beseni, akakaa kwenye sanduku la mbao kando yake akiwa ameshika kichwa.

Na mimi mashaka yangu yote yalinirudia kwa mbio, mapya na mabaya kuliko ya jana. Kutema mbele ya macho kuna maana gani kwa mtu anayejua kwamba anaonwa?

"Kwa hiyo ulikuwa unatema ju anakuangalia," nilisema.

"Apana."

"Na nitajuaje? Umenidanganya miezi tatu na uso mukavu. Unaweza kuficha siri vile, kesho utanificha nini?"

"Ile siri haikuwa yangu, Sido. Ingekuwa yangu, ungeijua siku ile ile. Jana usiku ulikuwa unaniangalia, na nilijua umeanza kuniacha. Nikasema, nikitoa siri ya maman yake ili anipende, atanipenda ju ya nini?" Nilisikia akigonga sakafu kwa kiatu. "Na kuhusu kutema: angalia chini."

"Wapi?"

"Chini ya kiti yangu. Na kule mu pembe, pale ilikuwaka siku ya kwanza."

Niliinama nikachungulia chini ya shuka. Sakafuni, mbali kwenye pembe yenye giza karibu na madumu, palikuwa na alama nne za miguu ya kiti kwenye vumbi la zamani. Kutoka pale hadi alipokaa sasa, katikati ya mwanga, mbele kabisa ya kitundu, palikuwa na mikwaruzo mirefu.

"Mu ile pembe hangeniona muzuri," alisema. "Nilipofua nikaona kitundu, nikajua maman anaogopa kitu. Sikujua nini. Ningeweza kuishona, mi ninajua sindano. Ningeweza kubakia mu pembe yangu. Nikasogeza kiti. Muntu mwenye kuogopa, umuache aone muzuri."

Juu, Lucienne aliacha kutembea. Bila shaka alikuwa ameweka sikio mlangoni. Mama alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye magoti yake ya njano, na nilijua halii kwa ajili ya Josias. Analilia mwanaume mwingine, papa, aliyebaki kwenye pembe yake.

Nilivua viatu. Nikavua soksi, nikapandisha suruali yangu ya kazi, nikaingia kwenye beseni. Ndizi zilikuwa vuguvugu na laini, na majani yalinitekenya katikati ya vidole.

"Unafanya nini?" aliuliza mama.

"Kule kisiwani ni nani atakanyaga? Huyu anajua kutema tu."

Upande wa pili nilisikia pumzi ikitoka, ndefu, ya mtu aliyekuwa ameizuia tangu jana. "Sido?"

"Usiongee. Unipe bic."

Mkono wake ukapita chini ya shuka, kucha nyeusi na yote, ukiwa umeshika kalamu. Nilitoa bahasha kwenye sakoshi. Pete ilianguka kiganjani mwangu, nikaivaa kabla mama hajaiona, ingawa nadhani aliiona. Niliegemeza barua kwenye mgongo wa mama yangu na kuandika tarehe. Directrice, mkuu wa nyumba ya wazee ya Uccle, huondoka saa kumi na moja. Tungewahi, kama tungekimbia.

"Mukono yangu iko hapa bado," alisema Josias kutoka chini.

Nilijua. Niliinama nikaushika, na juisi ya ndizi ikatugandisha vidole.

Mama alijipangusa uso kwa kitambaa cha kanisa, akashusha sketi, akaanza kulivuta shuka kutoka kwenye kamba. "Angaliya ukuta, mukwe!" alimwamuru, na Josias akageuka. "Hii ninaenda nayo kwangu. Nitaishona ile kitundu. Ni haya, batu bakiiona."

"Apana, maman," nilisema, nikalichukua mikononi mwake. "Uiache vile iko. Tunaenda nayo Marie-Galante."

"Na kitundu?"

"Ju ya kitundu njo tunaenda nayo."